Kufunga blaindi mwenyewe: mwongozo kamili kwa nyumba zetu za Nyanda za Juu Kusini

Chukua bisibisi, igeuze, kisha gonga kwa mpini wake ukuta ulio juu ya dirisha la sebuleni. Ukisikia mlio mzito na mfupi, chini ya lipu hapo kuna lenta ya zege, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Panda kama futi moja, gonga tena: mlio ukilegea, umeshavuka lenta na uko kwenye tofali. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, lipu imeachana na ukuta, na sehemu hiyo usitundike hata kalenda.

Watu wengi wakitaka blaindi huanzia dukani, kwenye rangi. Hata mimi nilianzia huko. Blaindi yangu ya kwanza, hapa Mbeya upande wa Isyesye, ilidumu wiki tatu. Usiku mmoja ikashuka na reli yake, breketi zake na mabonge mawili ya lipu, mke wangu akadhani tumevamiwa. Blaindi yenyewe haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeifunga kwa skrubu za inchi moja, na lipu ya nyumba zetu ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Maana yake skrubu zilikuwa zimeshika mchanga na saruji tu, tofali hazikuligusa sawasawa. Nyumba nyingi kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na kule Iringa, Mafinga na Njombe, zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na tofali hizo hazifanani hata zikitoka tanuru moja: iliyokaa karibu na moto imeiva inalia kama chuma, iliyokaa pembezoni unaweza kuikwangua kwa ukucha. Fundi wa kujenga hazichagui. Wewe unayetoboa ndiye unayekutana nazo.

Dirisha linatazama wapi

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa nafasi hiyo, mwezi wa sita na wa saba, baridi inapouma, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini ndilo linalokuletea joto la bure wakati unalihitaji, kwa hiyo usiliwekee kitu kizito kisichofunguka chote. Mwezi wa kumi na mbili jua huhamia kusini, lakini kidogo tu, karibu na utosini, na mara nyingi mawingu ya mvua yamelifunika. Dirisha la kusini halina ugomvi na jua. Ugomvi wake ni baridi na macho ya wapita njia.

Mashariki na magharibi ndiko kwenye kazi. Jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa limelala, linafika hadi kwenye kochi, na huku kwenye mwinuko linababua kitambaa haraka kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Mbaya zaidi ni dirisha la magharibi mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza: hewa kavu, vumbi la barabara, na jua ambalo katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa kisha linashuka moja kwa moja upande wako. Ukiwa na hela ya blaindi moja tu, anza na hilo.

Halafu kuna mteremko. Mji wetu umelala ubavuni mwa milima. Jirani mmoja yuko juu yako, mwingine yuko chini. Kwa blaindi za vibao vya kulala hili ni jambo kubwa. Anayekutazama akiwa juu, geuza vibao ili ukingo wa nje uelekee chini na wa ndani uelekee juu: macho yake yanagonga kibao, na jua nalo linazuiwa. Anayepita akiwa chini, geuza kinyume chake. Watu wengi hugeuza upande wowote ulio mwepesi, kisha wanashangaa kusikia mtaani rangi ya kochi lao.

Aina, na ninayoichagua

Za mikanda ya kusimama ndizo tulizozizoea maofisini. Mikanda yake ya kitambaa huwa na upana wa sentimita 8.9 au 12.7, inaning'inia kwenye vigari vidogo ndani ya reli. Zinafaa dirisha pana na mlango wa kioo. Udhaifu wake ni upepo. Iringa mjini, na zaidi Makambako, mahali palipowahi kupimwa upepo kwa ajili ya kuzalisha umeme, mikanda hupigana usiku kucha ukiacha dirisha wazi, na zile cheni ndogo za chini zinazounganisha mikanda hukatika.

Za vibao vya kulala, vya aluminiamu au vya plastiki yenye sura ya mbao, ndizo ninazozipenda kwa jiko na bafu. Mvuke hauziharibu, masizi yanafutika, na unaongoza mwanga utakavyo.

Za kuviringisha ni kipande kimoja cha kitambaa kinachojizungusha kwenye bomba. Ni rahisi kufunga kuliko zote, hazichukui nafasi, na zikikaa karibu na ukuta huzuia ubaridi wa kioo vizuri. Zile za zebra ni ndugu yake: kitambaa cha tabaka mbili chenye mistari mizito na myepesi, ukivuta cheni mistari inapishana. Kwa chumba cha kulala cha Njombe au Makete ningeweka ya kuviringisha yenye kitambaa kizito, na pazia la kawaida mbele yake. Blaindi peke yake haishindi baridi ya mwezi wa saba, tusidanganyane.

Tahadhari moja ya huku kwetu: asubuhi za baridi kioo hutoka jasho. Kitambaa kikigusa kioo kilicholowa kila siku, kinaota kuvu, madoa meusi yasiyotoka. Acha angalau sentimita 3 kati ya kitambaa na kioo, na funua dirisha kila asubuhi ili pakauke.

Ndani ya shimo la dirisha au nje yake

Blaindi inaweza kukaa ndani ya shimo la dirisha, ikabanwa na kuta mbili za pembeni, au ikafungwa ukutani juu ya dirisha na kulifunika lote. Ndani kunapendeza, lakini kuna masharti. Vibao vya sentimita 2.5 vinahitaji kina cha sentimita 4 hivi kisicho na kizuizi. Vibao vya sentimita 5 vinahitaji kama 6.5. Mikanda ya sentimita 12.7 ikigeuka inahitaji zaidi ya sentimita 6 kila upande wa reli. Sasa pima dirisha lako kuanzia kwenye kitu kinachojitokeza zaidi, na usianzie kwenye kioo. Nyumba zetu zina grili kwa ndani, zina komeo, na zile za fremu za mbao zina wavu wa mbu unaofungukia ndani. Wavu unaofungukia ndani umekwisha kukuamulia: blaindi inakaa nje, juu.

Pima pia pembe kwa pembe, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi sentimita 1, shimo limepinda na blaindi ya ndani italionyesha kosa hilo kila siku ya maisha yako. Nimepima madirisha mengi ya majirani. Yaliyonyooka kweli nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kupima

Tumia futi ya chuma. Ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika. Andika kwa milimita, maana futi na inchi zikichanganywa na sentimita kwenye karatasi moja ndipo fedheha inapoanzia.

Kwa blaindi ya ndani, pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Pima kimo mara tatu pia: kushoto, katikati, kulia. Kwa vibao vya kulala na za kuviringisha chukua kimo kikubwa, kwa sababu ziada hubaki imekusanyika au imeviringishwa. Kwa mikanda ya kusimama chukua kidogo na utoe milimita 15 hadi 20, isije ikaburuta kwenye kizingiti.

Kisha kuna ile milimita 10 ya upana inayotolewa ili blaindi isikwangue pembeni. Muulize muuzaji: unaitoa wewe au naitoa mimi? Mara ya pili nilipoagiza niliitoa nyumbani, dukani wakaitoa tena, nikaletewa blaindi yenye mianya pande mbili ambamo taa ya mlinzi wa jirani iliingia kama tochi.

Kwa blaindi ya nje, pima upana wa shimo kisha ongeza sentimita 8 hadi 10 kila upande. Juu panda sentimita 10 hadi 15. Chini, vuka kizingiti kwa sentimita 5 au zaidi, isipokuwa kama chini kuna kochi au meza. Hapa huna haja ya kutoa kitu. Kipimo unachoandika ndicho upana wa blaindi yenyewe, na umwambie muuzaji hivyo kwa maneno.

Kwa maneno, narudia. Niliwahi kupeleka karatasi imeandikwa "150 × 120" bila neno lolote. Kwangu ilikuwa upana kwanza. Kwa kijana aliyeipokea ilikuwa kimo kwanza. Siku ya kuchukua mzigo nikamwambia, "Kaka, hii siyo yangu." Akanionyesha karatasi yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo naandika UPANA na KIMO kwa herufi kubwa, naandika ndani au nje, naandika kamba ikae kulia au kushoto, kisha naipiga picha karatasi kabla sijaikabidhi.

Bei kwa kawaida huhesabiwa kwa mita ya mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2 ni mita za mraba 1.8. Uliza kama dirisha dogo, la choo kwa mfano, lina kiwango cha chini cha malipo, na kama breketi na skrubu zimo ndani ya bei. Hata zikiwemo, zile skrubu za kwenye boksi zitupe kwenye droo. Nyingi ni fupi kwa ukuta wenye lipu.

Vifaa

Drili yenye uwezo wa kugonga, ya kuazima au kukodi kwa siku moja inatosha. Biti ya zege ya milimita 6 na ya milimita 8. Plagi za ukutani, yaani vile vibomba vya plastiki vinavyotanuka skrubu ikiingia, za ukubwa uleule wa biti. Skrubu za inchi 2. Bisibisi, penseli, nyundo, futi, ngazi isiyoyumba, pimamaji. Kama huna pimamaji, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu, unafanya kazi ileile. Ndivyo mafundi wanavyopima msingi, sembuse reli ya blaindi. Miwani ya kukinga macho usiidharau, kwa sababu utakuwa unatoboa huku unatazama juu. Na kikombe tupu cha mtindi: kitoboe kitako, pitisha biti humo, vumbi lote linadondokea kikombeni badala ya machoni pako.

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya kugusa ukuta. Fremu ya mbao inaweza kupokea skrubu ndogo bila kelele nyingi. Fremu ya aluminiamu mimi siitoboi: ni nyembamba, ina uwazi ndani, na tundu baya linaweza kupitisha maji ya mvua au kuzuia kioo kuteleza.

Kuweka alama

Shika breketi ya kushoto mahali itakapokaa. Kwa breketi za kubana reli katikati, ingia sentimita 5 hadi 8 kutoka mwisho wa reli, lakini kwanza lala chini utazame ndani ya reli: breketi isiangukie mahali penye kifaa cha kamba au kigeuzi. Kwa breketi za boksi zinazoshika ncha, na zile za blaindi za kuviringisha, zinakaa mwishoni kabisa, kwa hiyo umbali kati yake ndio upana wa blaindi. Pima mara mbili. Reli ikizidi mita 1.2 ongeza breketi ya katikati. Ya mita 2 na zaidi iwe na nne.

Weka alama ya kwanza, kisha hamisha usawa hadi upande wa pili kwa pimamaji. Hapa mara nyingi utagundua kuwa dari au lenta imeshuka upande mmoja. Fuata maji, usifuate dari. Reli iliyoinama huvuta vigari upande mmoja, vibao hukusanyika kombo, na ya kuviringisha hutembea pembeni mpaka kitambaa kinaanza kuchanika ukingoni. Kama tofauti ni kubwa na inakera macho, ipandishe blaindi juu zaidi mbali na ukingo wa dirisha, jicho halitalinganisha.

Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi zilizo karibu. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Taa ya nje iliyo juu ya dirisha nayo ina bomba lake mahali fulani ukutani. Usitoboe kwenye mstari huo.

Kutoboa, na kila ukuta na tabia yake

Zungushia biti kipande cha tepu kwenye sentimita 5, iwe alama ya kina. Anza polepole bila kugonga mpaka uvuke lipu, kisha tazama rangi ya vumbi. Hii ndiyo ramani yako.

Vumbi jekundu: tofali ya kuchoma. Zima kitufe cha kugonga, endelea kwa kuzungusha tu. Ukigonga, tofali laini inapasuka kwa ndani na tundu la milimita 6 linakuwa pango. Tumia biti ya 6 na plagi ya 6 kwanza. Ikilegea una nafasi ya kupanda hadi 8. Ukianza na 8 na ikalegea, umebaki na nini?

Vumbi jekundu kisha biti ikazama ghafla: umeingia kwenye maungio kati ya tofali mbili, na kwenye nyumba za zamani maungio hayo ni udongo mtupu. Acha tundu hilo, sogea sentimita 3 hadi 4 juu au chini.

Vumbi la kijivu lisilobadilika, na biti inakataa kuingia: lenta, au tofali ya saruji. Washa kugonga, sukuma kwa uzito wa mwili bila kuyumba, toa biti kila baada ya sekunde kumi ipoe. Lenta ni ngumu lakini ndiyo inayoshika kuliko vyote, na nikipata drili nzuri naichagua. Toboa katikati ya kimo chake, kwa sababu nondo zimelala karibu na ukingo wa juu na wa chini. Biti ikigonga kitu kinacholia kwa ukali na vumbi likakoma, hiyo ni nondo. Usishindane nayo, sogea sentimita 3 pembeni. Ukitoboa kwenda juu chini ya lenta, kwa blaindi ya ndani, ishia sentimita 3.5 hivi na utumie plagi na skrubu fupi zaidi, maana nondo za chini haziko mbali.

Pulizia vumbi nje ya tundu kwa mrija au pampu ya baiskeli. Plagi haishiki unga. Igonge plagi mpaka ilingane na uso wa ukuta, au izame kidogo kupita lipu. Ikiingia kwa kidole bila nyundo, imelegea. Ikikataa na kujikunja, tundu halijafika kina.

Ukuta ukikushinda

Kuna kuta ambazo kila tundu linamomonyoka. Usijaze magazeti na gundi kama nilivyowahi kukuta kwenye nyumba moja niliyopanga. Njia inayokubalika ni kujaza tundu kwa saruji na mchanga, sehemu 1 kwa 3, ukalowesha kwanza, ukaacha siku kadhaa pakauke na kukaza, na kwa baridi ya Julai uongeze siku. Njia ya haraka, na kwangu ndiyo bora kwa nyumba za tofali laini, ni ubao.

Nunua ubao wa paini wa inchi 1 kwa 3, uliorandwa na kutiwa dawa. Mbao hizi hatuzitafuti mbali. Sao Hill pale Mufindi ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Ukate uzidi blaindi kwa sentimita 5 kila upande. Uupake rangi ya ukuta. Ufunge ukutani kwa skrubu tano au sita za inchi 3, ukichagua sehemu zenye tofali iliyoiva popote zilipo, kwa sababu ubao haujali skrubu ziko wapi. Kisha breketi unazifunga kwenye ubao kwa skrubu fupi za mbao. Uzito uliokuwa unaning'inia kwenye matundu mawili sasa umegawanywa kwa sita, na siku ukibadilisha blaindi huchimbi ukuta tena. Mama mmoja jirani yetu alipoona wangu alidhani ni urembo, akataka wa kwake uwe na nakshi.

Kupachika

Funga breketi kwa skrubu bila kukaza hadi mwisho, hakikisha zinatazamana sawasawa, ndipo ukaze. Vuta kila breketi kwa mkono kwa nguvu kuelekea chini. Bora ianguke sasa.

Za vibao vya kulala: ziinue zikiwa zimekusanywa, ingiza ukingo wa mbele wa reli kwenye ndoano ya breketi, sukuma nyuma mpaka usikie "tak", au kama ni breketi za boksi, telezesha ncha na ufunge vifuniko. Mtu wa pili ashike upande mmoja. Reli ndefu ikining'inia upande mmoja hupinda na haitanyooka tena.

Za mikanda: pachika reli tupu kwanza. Vuta vigari vyote viende mwisho na kurudi, vigeuze mpaka vyote vitazame upande mmoja, halafu ndipo ning'iniza mikanda mmoja mmoja kuanzia upande wa kamba. Malizia na vipande vya uzito na cheni za chini.

Za kuviringisha: ncha yenye cheni huingia kwanza, ncha yenye pini inabonyezwa na kuachiwa. Teremsha kitambaa chote, kipandishe. Kikikimbilia upande mmoja na reli iko sawa, bandika kipande cha tepu kwenye bomba upande unaopungua, chini ya kitambaa. Unene huo mdogo unakirudisha katikati.

Kamba

Nyumba yenye mtoto mdogo, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Kitanzi cha kamba au cheni kinaweza kumnyonga mtoto kwa muda mfupi sana, bila sauti, na kimekwisha kuua watoto nchi nyingi. Ndiyo maana Marekani tangu mwishoni mwa 2018 kanuni za watengenezaji zinataka blaindi za kuuzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba ya kufikiwa. Za kwetu sokoni nyingi bado zina kamba. Funga kishikio cha kamba ukutani, kisichopungua sentimita 150 kutoka sakafuni, na uzungushie kamba humo kila ukimaliza. Cheni ya blaindi ya kuviringisha ina kishikio chake kinachoivuta ikaze ukutani. Kama hakikuja, kidai. Kamba mbili zilizofungwa fundo moja mwishoni zikate ziwe mbili zilizoachana. Na kitanda cha mtoto, au stuli, visikae chini ya dirisha.

Vibao vikizidi urefu

Blaindi ya vibao ikiwa ndefu mno na vibao vinarundikana kizingitini, huna haja ya kuirudisha. Iteremshe yote, hesabu vibao vya ziada, acha viwili vitatu vya akiba. Bandua vifuniko vidogo chini ya kibao cha mwisho kizito, fungua mafundo, chomoa kamba hadi upite vibao vya ziada, vitoe. Rudisha kile kizito mahali papya, pitisha kamba, piga mafundo, kata ngazi ya uzi, zile nyuzi zinazobeba vibao, ukiacha kidogo cha kukunjia ndani, rudisha vifuniko. Kazi ya nusu saa, na chai ikiwepo, saa moja. Vibao ulivyovitoa vihifadhi: kimoja kikikunjwa na mtoto mwaka kesho, unacho cha kubadilisha.

Kusafisha

Kuanzia mwezi wa saba hadi mvua za kwanza, vumbi litakujia kila siku kama unakaa kando ya barabara ya udongo. Usianze na maji. Vumbi letu jekundu likilowa linakuwa rangi. Funga vibao upande mmoja, pitisha brashi laini ya kupakia rangi kutoka juu kwenda chini, geuza upande wa pili, rudia. Ndipo uvae soksi kuukuu mkononi, uiloweshe kidogo kwa maji ya sabuni, ukamate kibao kati ya vidole na uvute kutoka katikati kwenda pembeni. Vya jikoni vyenye mafuta ongeza maji ya uvuguvugu. Mikanda ya kitambaa itoe cheni, ichomoe, iloweke ikiwa imeviringishwa kwa ulegevu, usiikamue, itundike kwenye reli ileile ikiwa bado inadondosha maji. Uzito wake wa chini utaikausha ikiwa imenyooka. Weka tu ndoo na matambara chini, na dirisha liwe wazi siku hiyo.